Nguvukazi ya Utafiti na Maendeleo: Watafiti wa Nchi Huhesabiwaje?

Taarifa ikisema nchi fulani ina watafiti 800 kwa kila wakazi milioni moja, ni rahisi kudhani kuwa kuna mtu aliyepita taasisi moja hadi nyingine akihesabu vichwa. Kwa kawaida kilichohesabiwa ni muda: saa ambazo watu wametumia katika utafiti, zikajumlishwa na kugawanywa hadi zikalingana na watu 800 wasiofanya kazi nyingine yoyote.

Nguvukazi ya utafiti na maendeleo ni watu wote wanaochangia kazi hiyo moja kwa moja. Kanuni za kuwahesabu zimo katika Mwongozo wa Frascati, uliopewa jina la mji wa Italia ambako wataalamu wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo) walikutana mwaka 1963. Toleo linalotumika sasa ni la 2015. Linataka kazi itimize masharti matano ndipo iitwe utafiti: ilenge jambo jipya, iwe ya ubunifu, matokeo yake yasiwe na uhakika tangu mwanzo, iwe na mpango, na iwezekane kurudiwa na mtu mwingine.

Masharti hayo hugawa hata siku moja ya mtu mmoja. Kipimo cha damu ambacho daktari humfanyia kila mgonjwa ni huduma ya kawaida. Akifanya kipimo hichohicho kwa ajili ya jaribio la dawa mpya, muda huo unahesabika kuwa utafiti.

Wanaohesabiwa hupangwa katika makundi matatu: watafiti, mafundi sanifu, na wasaidizi wengine kama makatibu wa mradi. Mkurugenzi anayepanga na kusimamia upande wa kisayansi wa kazi huwekwa pamoja na watafiti, hata kama hajashika chombo cha maabara kwa miaka. Mlinzi wa getini na mpishi wa kantini hawamo kabisa. Gharama zao tu ndizo huingizwa kwenye matumizi ya jumla. Wanafunzi wa uzamivu nao huleta mjadala, na namna nchi inavyoamua kuwahesabu inaweza kubadilisha sana takwimu za vyuo vikuu vyake.

Hesabu yenyewe hufanywa kwa njia mbili. Idadi ya vichwa humhesabu kila aliyeshiriki kuwa mtu mmoja, awe ameshiriki wiki mbili au mwaka mzima. Hii inafaa kwa kujua wanawake ni wangapi, au watafiti wana umri na elimu gani. Kipimo cha muda kamili huuliza mtu ametumia sehemu gani ya mwaka wake wa kazi. Mhadhiri ambaye mwaka wake wa kazi una saa 1,800, na 540 kati ya hizo ni za utafiti, anahesabiwa 0.3. Wahadhiri kumi wa aina yake ni watafiti watatu tu. Na hata mtu akikesha maabara mwaka mzima, hawezi kuzidi 1. Kiashiria 9.5.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, yaani idadi ya watafiti kwa kila wakazi milioni moja, hutumia kipimo hiki.

Ugumu uko katika kuzipata hizo saa. Kampuni yenye kitengo cha utafiti hujaza dodoso bila shida kubwa, lakini mhadhiri anafundisha, anasahihisha mitihani, anakaa vikaoni na kutafiti, mara nyingine yote ndani ya siku moja. Nchi nyingine huwauliza wahadhiri wenyewe wanavyogawa muda wao. Nyingine hutumia kiwango kimoja cha muda wa utafiti kwa wote. Hiki cha pili nakitilia shaka: kikiachwa miaka mingi bila kupitiwa upya, chuo kikiajiri walimu wa darasani tu, idadi ya watafiti wa nchi inapanda.

China ilionesha ufafanuzi unavyoweza kugeuza picha. Hadi 2008 ilihesabu wanasayansi na wahandisi kwa mapana. Mwaka 2009 ikaanza kufuata ufafanuzi wa Frascati. Watafiti wake wakashuka kutoka karibu milioni 1.6 hadi karibu milioni 1.15, ilhali jumla ya wafanyakazi wake wote wa utafiti na maendeleo ilipanda mwaka huohuo.