Biomekanika: kwa nini fimbo hushikwa mkono wa upande usiouma

Biomekanika ni elimu ya kani na mwendo wa mwili: mfupa huwa wenzo, kiungo huwa egemeo, msuli huvuta, na uzito wa mwili ndio mzigo. Nyonga inaionyesha vizuri kuliko kiungo kingine chochote.

Kila hatua unayopiga, kuna wakati unasimama kwa mguu mmoja. Chukua mtu wa kilo 60 aliyekanyagia mguu wa kulia. Nyonga hiyo imebeba mwili wote isipokuwa mguu uliokanyaga, yaani kama kilo 50, na mzigo huo umekaa takriban sentimita 10 kushoto kwa kiungo. Msuli wa ubavuni unaozuia fupanyonga lisishuke kushoto uko sentimita 5 tu kutoka kwenye kiungo. Umbali wake ukiwa nusu, basi ili kuulinganisha mzigo inabidi msuli huo uvute maradufu, kama kilo 100, na kiungo kinabanwa na vyote viwili: kilo 150. Nyonga bandia zenye vipima-kani ndani yake, zilizotafitiwa Berlin, zilionyesha kitu kilekile: matokeo ya mwaka 2001 yalitoa takriban mara 2.4 ya uzito wa mwili katika mwendo wa kawaida.

Msuli huo ukidhoofika, fupanyonga hushuka upande wa mguu ulionyanyuliwa. Ndiyo ishara ya Trendelenburg, mpasuaji Mjerumani aliyeieleza mwaka 1895. Msimamishe mgonjwa kwa mguu mmoja sekunde 30, umtazame kwa nyuma. Akilaza kiwiliwili upande wa mguu aliokanyagia, usidhani amefaulu: anausogeza mzigo karibu na egemeo ili msuli upumue.

Sasa fimbo. Nyonga ya kulia ikiuma, wengi huishika fimbo kwa mkono wa kulia, na hapo kani yake haisaidii kupinga mzigo. Ihamie kushoto, sentimita 40 kutoka kwenye kiungo, mgonjwa aikandamize kwa kilo 5 tu: msuli unavuta kilo 60 badala ya 100, na kiungo kinabaki na kama 105 (50 na 60, ukitoa 5 zinazobebwa na fimbo). Fimbo itangulie pamoja na mguu unaouma. Kimo chake kiishie kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, mkono ukining'inia. Ikizidi, bega linapanda na mgonjwa hawezi kuikandamiza.

Ndoo ni kinyume chake: ibebwe mkono wa upande unaouma. Upande wa pili inaongeza mzigo mbali na egemeo, na msuli uleule dhaifu ndio unaolipa.