Je, wajua? A anaweza kumshinda B, B akamshinda C, kisha C akamshinda A

Wengi hudhani kipimo cha Mann-Whitney, kipimo cha takwimu cha kulinganisha makundi mawili, hulinganisha mediani, yaani namba za katikati. Kwa hiyo ukiwa na makundi matatu, unapima jozi tatu, unajua nani wa kwanza na nani wa mwisho, basi. Si kweli.

Chukua karata tisa, 1 hadi 9. Asha ana 2, 4 na 9. Baraka 1, 6 na 8. Chiku 3, 5 na 7. Wawili wanachomoa karata moja moja bila kuangalia, kubwa inakula. Asha na Baraka wana michanganyiko tisa: 9 ya Asha inakula zote tatu za Baraka, 4 na 2 kila moja inakula ile 1. Asha kashinda mara 5. Baraka naye anamfunga Chiku 5 kwa 4, na Chiku, bila aibu, anamfunga Asha 5 kwa 4.

Sasa tazama mediani: Asha 4, Baraka 6. Mshindi ndiye mwenye ndogo! Mann-Whitney huuliza swali hilo la karata tu: nani hushinda mara nyingi zaidi? Linageuka kuwa swali la mediani pale ambapo makundi yana umbo moja na limesogea tu; hapo mduara wa A kumshinda B, B kumshinda C, na C kumshinda A nao hauwezekani.

(Namba hizo ni safu za Lo Shu, mraba wa maajabu wa Wachina. Kila safu hujumlisha 15.)

Hiyo 15 ndiyo inayovuruga mambo. Kipimo cha Kruskal na Wallis, cha 1952, hupanga wote kwenye foleni moja na kujumlisha nafasi zao. Hapa jumla zinalingana, hivyo H, namba ambayo kipimo hicho hutoa, ni sifuri: hakuna tofauti. Karata tisa hazithibitishi lolote kitakwimu, lakini muundo huohuo ukiwa na mamia kadhaa kwa kila kundi, jozi zote tatu zitatoa "tofauti", na H itabaki sifuri.

Mtakwimu Olive Jean Dunn, mwaka 1964, alilinganisha jozi kwa nafasi za foleni ileile ya pamoja. Mduara unakufa, ila hukumu ya Asha na Baraka sasa inamtegemea Chiku: mbadilishe yeye, na jibu lao laweza kubadilika. Kipimo kingine cha jozi, Steel-Dwass, hupanga upya kila jozi peke yake, na mduara unarudi.

Marekebisho ya Bonferroni au Holm hupunguza kengele za uongo (kuona tofauti isiyokuwepo) zinazoletwa na wingi wa jozi (makundi matano tayari ni jozi 10). Mduara hayaugusi.