Kipimo cha koloni katika maabara ya saratani

Kipimo cha koloni ni njia ya maabara ya kupima kiasi ambacho seli za saratani hudhurika kwa mionzi au kwa dawa, kwa kuangalia kama kila seli moja bado ina uwezo wa kuzaana hadi kuwa koloni, yaani kundi la seli zilizotokana nayo. Uwezo huo ndio kiini cha jambo lote, kwani seli iliyopigwa mionzi yaweza kuendelea kutengeneza protini na hata kugawanyika mara moja au mbili kabla ya kufa, hivyo anayeitazama kwa darubini siku hiyohiyo ataiona nzima ilhali uzao wake umekwisha kukatika. Kwa mtaalamu wa mionzi, seli hiyo imekwisha kufa.

Theodore Puck na Philip Marcus, wa Denver nchini Marekani, waliitangaza njia hii katikati ya miaka ya 1950 kwa kutumia seli za HeLa, zilizotokana na uvimbe wa Henrietta Lacks, aliyefariki mwaka 1951.

Seli hutenganishwa, huhesabiwa na kutawanywa kwa uchache katika visahani vyenye majimaji ya lishe, kisha huachwa katika joto la nyuzi 37 kwa wiki moja hadi tatu. Baadaye hutiwa rangi ya zambarau, na kila kundi lenye seli 50 au zaidi huhesabiwa kuwa koloni moja. Tuseme seli 100 zisizopigwa mionzi zimetoa koloni 80: hapo 1,000 zilizopigwa grei 2 (grei ni kizio cha kupimia mionzi) zingetarajiwa kutoa 800, na zikitoa 320 tu, zilizonusurika ni asilimia 40. Anayesahau kisahani cha kulinganishia, chenye seli zisizopigwa mionzi, atazihesabu kuwa zimekufa kwa mionzi hata zile ambazo hazingeota kamwe.

Vipo vipimo vya haraka zaidi, kama kile cha MTT, ambacho hupima kwa mabadiliko ya rangi kama seli bado zinachakata lishe. Lakini seli iliyosimama kuzaana huweza kuchakata lishe vilevile, na hapo matokeo hupotosha.

Hata hivyo, seli nyingi zinazotolewa moja kwa moja kwa mgonjwa hukataa kuota kisahanini, na ndani ya uvimbe kuna sehemu zisizopata oksijeni ya kutosha, ambako huhitajika mionzi mara mbili na nusu hadi tatu ili kuleta madhara yaleyale. Ndiyo maana kipimo hiki kimebaki zaidi kuwa chombo cha utafiti, na chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, katika mwongozo wake wa mwaka 2011, hakikupendekeza vipimo vya aina hii vitumike kumchagulia mgonjwa dawa nje ya majaribio ya kitabibu.