Nyumba haikaguliwi asubuhi: dhana potofu za msimu wa joto kwa wapangaji na madalali wa Mtwara na Lindi

"Dalali, twende asubuhi na mapema, jua likiwa bado." Kuanzia Oktoba hadi Machi kauli hii haikosekani kwenye simu ya dalali yeyote wa kusini, na wanaoitoa ni watu wazima wanaokwenda kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wanaiona nyumba saa mbili asubuhi, wanaisifu kwamba ina ubaridi wake, wanasaini. Wiki ya pili wanapiga simu: chumbani hakulaliki, watoto wanatandika mkeka barazani, je, mwenye nyumba anaweza kurudisha kodi iliyobaki? Harudishi.

"Nimeingia asubuhi, nyumba ilikuwa baridi"

Saa mbili asubuhi karibu kila nyumba ni baridi. Kuta zimetoa joto usiku kucha, bati limepoa tangu magharibi, jua halijapanda. Saa hiyo unakagua usiku uliopita, nyumba yenyewe bado hujaiona.

Joto la nyumba linatoka pande mbili, na kila upande una saa yake. Bati ni jepesi: likipigwa na jua linachemka ndani ya dakika chache, jua likiondoka linapoa upesi. Joto lake unalisikia kuanzia saa tano hadi saa kumi jioni, likishuka kupitia dari ya jipsamu. Ukuta ni mzito. Tofali za saruji za inchi 6 zinachukua kama saa nne hadi tano kupitisha joto kutoka nje hadi ndani. Ukuta unaotazama magharibi unapigwa na jua kuanzia saa nane mchana mpaka linapozama, kwa hiyo upande wake wa ndani unafikia ukali wake kwenye saa mbili au saa tatu usiku, ule muda watu wanapanda kitandani. Ndiyo maana mtu anashangaa: nje kuna upepo mzuri, ndani ukuta unatoa joto hadi usiku wa manane.

Na pembe za nyumba hazilingani. Huku kwetu, nyuzi kama 10 kusini mwa ikweta, jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 20 Februari. Kati ya tarehe hizo linaegemea kusini, na linazama kusini kidogo ya magharibi. Chumba cha pembe ya kusini-magharibi ndicho kinachobeba mzigo wote msimu wa joto. Chumba cha kaskazini-mashariki kina nafuu, kwa sababu kinapata jua la asubuhi tu, na kaskazi inayovuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi inakifikia moja kwa moja. Aliyepanga mwezi wa Julai, kusi ikivuma, hajaijua nyumba yake.

Nyumba basi ikaguliwe saa tisa na nusu alasiri hadi saa kumi na moja, na kama unalipa kodi ya mwaka mzima, rudi tena saa mbili usiku kwa dakika kumi. Mwombe mwenye nyumba asifungue madirisha kabla hujafika. Walinzi wengi huambiwa wafungue kila kitu na kuwasha feni saa nzima kabla mteja hajaja, na madalali tunalijua hilo. Ukifika, usianzie sebuleni. Nenda chumba cha kulala, simama pale kitakapokaa kitanda, funga mlango, kaa dakika kumi na tano. Dakika tano hazitoshi, maana mtu aliyetoka juani anaona kila kivuli ni baridi.

Baada ya hapo weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi kwa nje, kisha kwenye ukuta wa mashariki, ulinganishe. Saa kumi tofauti yake haihitaji kipimo. Inua mkono karibu na dari; ukisikia joto linakushukia usoni, angalia nje chini ya kenchi kama kuna matundu ya hewa. Paa lililozibwa pande zote halina pa kutolea hewa moto, na feni ya dari inachofanya ni kuizungusha hewa ileile. Kisha fungua dirisha na mlango wa mkabala uone kama hewa inapita. Hapa wengi wanadanganywa na madirisha makubwa ya alumini ya kusukuma pembeni: dirisha la mita 1.5 linafunguka nusu tu, yaani sentimita 75, na wavu wa mbu unapunguza tena. Ukikuta ukuta wa fensi wa mita mbili na zaidi umesimama mita moja kutoka dirishani, upepo wa chumba hicho uhesabu haupo.

Madalali wenzangu wanaosema kwamba kumpeleka mteja alasiri ni kuua biashara wanaiona kamisheni ya leo tu. Mpangaji anayehama kwa hasira anaondoka na jina lako mdomoni, na mwenye nyumba naye anakulaumu kwamba unamletea watu wasiodumu. Mweleze mwenye nyumba ukweli: mwarobaini mmoja upande wa magharibi, au baraza la mita mbili, au kivuli cha makuti juu ya dirisha, unampa mpangaji wa miaka. Kipaa cha sentimita 60 hakisaidii upande huo, kwa sababu saa kumi na moja jua liko chini na linaingia kwa ubavu. Wala asizibe dirisha la magharibi. Anachotakiwa ni kulitilia kivuli.

"Inaangalia bahari, haiwezi kuwa na joto"

Lindi mjini bahari iko mashariki. Nyumba inayoiangalia inaweka sebule na baraza mbele, vyumba vya kulala nyuma, yaani magharibi. Mchana upepo wa bahari unapoza sebule ambayo hamna mtu, usiku familia inalala upande uliopikwa na jua la jioni. Tena usiku upepo hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda baharini, kwa hiyo chumba cha nyuma kisicho na dirisha la kutosha hakiambulii kitu. Kodi ya kuona bahari ni ya macho. Ukaguzi wa vyumba ni uleule. Na kwa wanaonunua viwanja vya ufukweni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Pima kabla ya kuzungumza bei.

"Bati la rangi ni baridi kuliko bati jeupe"

Inategemea rangi. Nyeusi, kijivu cha mkaa na maruni, zinazopendwa sana sasa, zinanyonya jua. Nyeupe na krimu zinalirudisha. Bati jeupe, yaani bati tupu linalong'aa lisilopakwa rangi, linarudisha mwanga vizuri likiwa jipya, ila linatoa joto lake kwa shida, na likichakaa faida hiyo inapotea.

"Kuna AC, mengine hayana shida"

AC kuwaka na AC kupoza ni mambo mawili. Iwashe ukifika tu, iache dakika kumi na tano, kisha pima hewa inayoingia juu ya mashine na inayotoka chini. Tofauti iwe nyuzi 8 hadi 12. Ikiwa ndogo kuliko hapo, gesi imepungua, au vichujio vimeziba, au mapezi ya mashine ya nje yameliwa na chumvi. Nenda nje ukayaangalie. Karibu na bahari yakikosa kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya miezi michache yanabomoka kama unga.

Halafu piga hesabu ya LUKU. AC ya BTU 12,000 ya aina ya kawaida inakula karibu uniti moja kwa saa mota ikiwa inafanya kazi. Usiku mzima, kwa kuwaka na kukata, ni uniti 4 hadi 6. Chumba chenye ukuta wa magharibi kinazidi hapo kwa sababu mota haikati. Shilingi 10,000 inanunua uniti kama 28, kwa hiyo ni usiku tano hadi saba. Na aliyekuwa kwenye kundi la matumizi madogo, chini ya uniti 75 kwa mwezi, AC itampitisha kiwango hicho mwezi wa kwanza.

"Msimu wa joto biashara ya viwanja imekufa"

Minada ya korosho huanza Oktoba. Wakulima wakishalipwa ndipo viwanja vinapotafutwa kuliko miezi mingine yote. Sina zaidi ya kusema hapo.

"Kiwanja unaweza kukiona saa yoyote"

Hapa ndipo asubuhi inapohusika, na wateja wanafanya kinyume: nyumba asubuhi, kiwanja saa saba mchana. Kiwanja cha Mangamba, Naliendele, Mitwero au Ng'apa hakina kivuli, na ukaguzi wake ni wa kutembea. Lazima ufike kwenye kila bikoni, yaani jiwe la alama ya mpaka, usome namba yake, uilinganishe na ramani ya upimaji. Mtu aliyechoka na jua anakagua bikoni mbili anasema "inatosha, nimeona", na mgogoro wa mpaka unaanzia kwenye zile mbili alizoziacha. Anza saa kumi na mbili na nusu, umalize kabla ya saa nne. Oktoba ni mwezi mzuri kwa kazi hii kwa sababu nyasi zimekauka. Februari zinafika kiunoni, bikoni hazionekani. Ila ukavu huo unaficha maji. Angalia alama ya tope kwenye kuta za majirani na chumvi nyeupe chini ya plasta, uwaulize kuhusu mvua za Januari hadi Machi.

"Sisi watu wa pwani joto tumelizoea"

Hii ni ya madalali wenyewe, hasa vijana wanaozunguka na bodaboda. Mwili unazoea kazi ya juani kwa siku 7 hadi 14, na ukikaa kivulini wiki chache mazoea yanaondoka. Aliyezoea anatoka jasho mapema na kwa wingi, hivyo anahitaji maji zaidi. Na pwani hewa ina unyevu mwingi. Jasho linachuruzika bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili.

Usisubiri kiu. Ukiwa juani, robo lita kila dakika 15 hadi 20, bila kuzidi lita moja na nusu kwa saa. Chumvi inarudi kwa chakula cha kawaida. Dafu ni zuri. Vinywaji vya kuongeza nguvu havichukui nafasi ya maji. Anayetumia dawa za presha zinazokojoza amuulize daktari wake kwanza.

Kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza: acha kazi, kaa kivulini, kunywa. Mtu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka au kuzimia, hiyo ni dharura. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee, apelekwe hospitali, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, na mkiwa njiani mwendelee kummwagia. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

"Mtoto abaki garini, tunaingia mara moja tu"

Hapana, hata kama gari liko chini ya mwembe na vioo vimeshushwa kidogo. Gari lililoegeshwa juani linapanda kama nyuzi 10 ndani ya dakika kumi za mwanzo, na kushusha vioo kidogo hakubadilishi mengi. Kivuli cha mti kinahama, na ukaguzi wa nyumba haujawahi kuwa wa dakika kumi. Mwili wa mtoto unapata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Ashuke, aingie ndani na mzazi wake. Dalali anayemwambia mama "mwache tu, dakika mbili" hafai kupewa kazi.