Uzi wa mgomba chini ya hadubini: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Nano ni kemikali za maabara, shambani haziko." Nikisikia vitu hivi vidogo mno vikisemwa hivyo huko Mbarara, Uganda, huomba tutoke nje tukautazame mgomba. Mkungu wa matoke ukishakatwa, shina lile halizai tena, huangushwa likaoza. Lichane kwa kucha: utatoka utomvu unaotia nguo madoa, kisha nyuzi zinazong'aa. Ndani ya kila uzi mna nyuzinyuzi za selulosi, kijenzi kikuu cha mimea, zenye unene wa nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ilhali unywele wa mtu hufika nanomita 80,000 hivi. Mmea umezifuma wenyewe. Maabara huzitenganisha, zikachanganywa na plastiki au gundi ili kuipa nguvu.

Wengine husema hadubini ya darasani inatosha, mradi lenzi iwe kali. Haitoshi. Kwa mwanga wa kawaida, vitu viwili vilivyo karibu kuliko nanomita 200 hivi huonekana kimoja. Ndiyo maana tunahitaji hadubini ya elektroni, inayotumia elektroni badala ya mwanga, iliyoanzia Ujerumani mwaka 1931 mikononi mwa wahandisi Ernst Ruska na Max Knoll.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba picha haidanganyi. Tone la maji lenye nyuzinyuzi likikaukia kwenye kioo, maji yanayopungua huzivuta zikashikana. Mtu huona mafundo na kuandika kwamba nyuzi zake ni nene, kumbe mafundo yamezaliwa pale pale kwenye kioo. Tone jingine lililozimuliwa zaidi lingemwonyesha. Tatizo ni kwamba mafundo ya kweli nayo yapo: selulosi hupenda maji, plastiki nyingi huyakataa, kwa hiyo nyuzi hukimbiliana ndani ya mchanganyiko. Usipojua sampuli iliandaliwaje, huwezi kutofautisha.

Dhahabu nayo huchanganya watu. Selulosi haipitishi umeme, na elektroni zikijikusanya juu yake huharibu picha, hivyo mara nyingi hupakwa utando wa dhahabu kabla ya kupigwa picha. Uzi wa nanomita 5 ukipakwa nanomita 5 kila upande, pichani unasoma 15. Huo ni unene mara tatu, na mkulima hakuuotesha!

Na ile picha moja nzuri ya kubandika ukutani? Eneo lake ni dogo kuliko chembe ya vumbi. Mimi huuliza nyuzi ngapi zimepimwa, na vipande vilikatwa sehemu ngapi za ubao uliotengenezwa kwa mchanganyiko huo.