"Fundi, si bora ninunue mpya?"

Kwenye meza yangu ya ufundi hapa Mwanga, Kigoma, mtu akileta laptopu iliyoanza kusuasua huniuliza: "Fundi, si bora ninunue mpya? Mpya zinakula umeme kidogo, hata mazingira yanapona." Kati ya dhana zote potofu kuhusu kompyuta, hii ndiyo inayoniuma zaidi.

Laptopu, hata ya zamani, haili umeme mwingi. Uchafuzi wake mkubwa ulishatokea kabla haijatolewa kwenye boksi: madini yalichimbwa na kuyeyushwa, na viwanda vya chipu vilimeza umeme na maji usiku na mchana. Kobalti ya kwenye betri kwa sehemu kubwa hutoka Kongo, nchi ambayo milima yake tunaiona ng'ambo ya ziwa siku ya anga safi. Kwa laptopu nyingi, zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya maisha yake yote hutokana na kutengenezwa kwake. Ukiitumia miaka 8 badala ya 4, kuna mashine moja ambayo haikuhitaji kutengenezwa kwa ajili yako.

Na nyingi ninazoletewa hazijafa. Feni imejaa vumbi la kiangazi, au diski ya kuzunguka imechoka. Safisha feni, weka SSD (diski ya kasi isiyozunguka), ongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi), na mwenyewe utashangaa. Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, tarehe 14 Oktoba 2025, watu wanaambiwa mashine isiyopokea Windows 11 ni chuma chakavu. Si kweli. Linux Mint, programu ya kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni ya bure, na nyingi ya mashine hizo zinaibeba vizuri kwa kuchapa barua na kuingia intaneti.

Wengine huamini skrinseva, ile michoro inayocheza kompyuta ikiachwa bila kuguswa, inaokoa umeme. Ilibuniwa kulinda skrini za chogo zisibaki na alama ya picha iliyoganda. Kioo kinachochezesha samaki wa rangi kinakula umeme kama kawaida. Rangi nyeusi nayo huokoa umeme kwenye vioo vya OLED, ambavyo kila nukta hujiwakia yenyewe, kama vya simu nyingi za sasa. Kwenye vioo vya LCD, vinavyomulikwa na taa ya nyuma, taa hiyo inawaka vilevile, kwa hiyo punguza mwanga.

"Kuzima na kuwasha kila siku kunaua mashine." Hili nalikuta zaidi kwenye steshenari, ambako kompyuta ya mezani hulala ikiwaka. Kompyuta za leo zinahimili kuzimwa kila jioni. Chukua mashine na kioo chake vinavyokula wati 80: kwa saa 14 za usiku ni uniti 1 na kitu, na kwa mwezi ni kama uniti 33 za LUKU, bila hata barua moja kuchapwa. Sisi tulioishi hapa enzi za majenereta ya dizeli, kabla ya gridi ya taifa, tunajua uniti inavyoweza kuwa na moshi wake.

Dhana ya mwisho ni kwamba mashine ikifa, dawa yake ni jalala au kiberiti. Nimeona vijana wakichoma nyaya ili wapate shaba. Plastiki ile ya PVC ikiungua hutoa dioksini, sumu inayokaa mwilini kwa miaka. Betri nyingi za UPS, kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, zina risasi na asidi, na kuna wanaoimwaga asidi mtaroni ili wauze risasi peke yake. Mitaro yetu inateremka ziwani, na Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo. Kinachoingia humo hukaa.

Betri ya UPS ikichoka, usiipasue. Mpelekee mnunuzi wa betri chakavu ikiwa nzima, na kabla hujamwachia muulize asidi anaipeleka wapi. Bodi, nyaya na vioo vilivyokufa mletee fundi. Mimi nina boksi chini ya meza, na keyboard niliyomfungia mwalimu mmoja juzi imetoka humo.