Ba-be-bi-bo-bu mezani jikoni: uhuru wa kumsomesha mtoto nyumbani

Nilifundisha darasa la kwanza Tanga kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kuhamia Texas. Siku hizi nakaa na familia za Watanzania, Wakenya, Wakongomani na Warundi wa huku Dallas na Fort Worth wanaotaka kuwasomesha watoto wao nyumbani. Karibu wote huanza na swali moja, tena kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hatutafungwa?"

Hamtafungwa. Texas inataka mtoto wa miaka 6 hadi 19 awe anasoma shule, lakini mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya jimbo ilithibitisha kwamba mzazi anayemfundisha mwanawe nyumbani kwa dhati anahesabiwa kuwa anaendesha shule binafsi. Kesi hiyo, maarufu kwa jina la Leeper, ilifunguliwa mwaka 1985 dhidi ya wilaya ya elimu ya Arlington na nyingine za jimbo hili, wakati wazazi walipokuwa wakishitakiwa kwa kuwaweka watoto nyumbani. Arlington ni hapa hapa, katikati ya Dallas na Fort Worth. Wengi wetu tunapita kila siku tukienda kazini. Masharti yaliyobaki ni machache: nia iwe ya kweli, mtaala uwepo na uonekane, uwe wa vitabu au wa kwenye kompyuta, na yafundishwe masomo matano, yaani kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Hakuna kujisajili, hakuna mtihani wa serikali, hakuna mkaguzi wa kugonga mlango.

Ila kama mtoto tayari yuko shule ya umma, andikeni barua ya kumwondoa, iwe na tarehe, na mbaki na nakala. Mzazi akimwacha tu asiende, shule humhesabu mtoro, na barua za mahakama huanzia hapo.

Tena msidhani Marekani yote iko hivi. Pennsylvania mzazi hupeleka hati ya kiapo wilayani, hufundisha siku 180 kwa mwaka au saa zinazolingana nazo, hutunza jalada la kazi za mtoto, na mwisho wa mwaka jalada hilo hupitiwa na mtathmini anayekubalika kisheria. Ndugu zetu walioko Ujerumani hawana kabisa nafasi hii. Mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa malalamiko ya familia ya Konrad, na sheria ya kumlazimu mtoto ahudhurie shule ikabaki palepale. Na anayepanga kurudi nyumbani Kenya ajue kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni au katika taasisi nyingine iliyoidhinishwa. Uhuru huu una mipaka ya ramani, na kila anayehama lazima auulizie upya.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niipende kazi hii.

Binti yangu alipoanza shule hapa, mwalimu mmoja alituita akatushauri kwa upole tuache kuongea Kiswahili nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe. Nilirudi nimenyamaza. Nimefundisha mamia ya watoto kusoma, na ninajua lugha yetu inampa mtoto nini katika hatua ile ya kwanza kabisa. Irabu zetu ni tano na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto akishaijua a, e, i, o, u, unamwekea b mbele: ba, be, bi, bo, bu. Siku ya tatu anasoma "baba", "babu", "bibi". Unaongeza k, anasoma "kaka", "kuku", "kiboko". Hajakariri umbo la neno. Amelijenga mwenyewe, silabi kwa silabi, na uso wake unakuonyesha kwamba ameelewa siri ya maandishi.

Kiingereza hakimpi mtoto zawadi hiyo mapema. Herufi zile zile zilizomo mwishoni mwa "though", "through", "cough" na "tough" zinatamkwa kwa namna nne. Mwaka 2003 Philip Seymour wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto waliokuwa wakianza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Waliokuwa wakijifunza kwa Kiingereza walihitaji muda uliozidi maradufu kuliko wa lugha nyingi ambazo herufi zake haziyumbi. Kiswahili hakikuwemo, lakini mwalimu yeyote wa darasa la kwanza Tanga au Kilifi angewaambia kimekaa upande gani.

Na kusoma, ukishakujua, hukufundishwi mara ya pili. Mtoto aliyeelewa kwamba herufi hubeba sauti, na kwamba sauti huunganishwa kutoka kushoto kwenda kulia, anaichukua elimu hiyo mpaka kwenye Kiingereza. Kinachobaki ni kumwonyesha zile tabia za Kiingereza moja baada ya nyingine. Kwa hiyo familia zinazonifuata huwa nazishauri zianze na Kiswahili tu, asubuhi, wiki kumi au kumi na mbili, kisha Kiingereza kiingie. Darasa la hapa haliwezi kufanya hivyo hata mwalimu akitaka. Ana watoto ishirini na kitu na ratiba iliyopangwa na wilaya. Mezani jikoni mnaweza. Mimi nikisema uhuru, huu ndio ninaoutaja kwanza.

Wa pili ni wa saa. Wazazi hushtuka nikiwaambia mtoto wa miaka saba anatosheka na saa mbili za masomo kwa siku, basi. Hebu fikirieni siku ya shule: basi, foleni, kuitwa majina, kungoja mwenzako amalize, kungoja zamu yako ya kusoma kwa sauti. Akiwa na mtu mmoja mbele yake, mtoto hangoji. Akikosea, anarekebishwa papo hapo kabla kosa halijaota mizizi. Akichoka, mnafunga kitabu. Mama mmoja ninayemsaidia ni nesi wa zamu ya usiku. Anarudi saa mbili asubuhi, analala, na darasa lake linaanza saa tisa alasiri. Wanawe wanasoma vizuri tu. Awali walikuwa wanapishana naye mlangoni siku tano kwa wiki.

Saa hizo pia ndizo zinazotupeleka nyumbani. Mwaka jana tulikaa Tanga miezi mitatu, Novemba hadi Januari, bila kuomba ruhusa ya mtu. Hesabu za kurudisha chenji binti yangu alizifanyia soko la Mgandini, akiwa na orodha ya bibi yake na noti ya elfu kumi.

Lazima niseme na gharama, kwa sababu nimeona familia zikiumia. Mara nyingi kipato kimoja kinapungua. Mtoto mwenye mahitaji maalumu akitolewa shule ya umma hupoteza haki ya huduma nyingi alizokuwa akipewa bure, na kwa familia kama hizo mara kadhaa nimeshauri wabaki shuleni. Mzazi ambaye hana subira ya kusikia "sijui" mara kumi kwa asubuhi moja atageuza nyumba uwanja wa kelele. Kwa watoto wakubwa, algebra na kemia zinahitaji mtu anayezijua, hivyo tunabadilishana: baba mhandisi anafundisha hesabu watoto wa nyumba tatu kila Jumamosi, na wazazi wengine wanapika. Kuhusu chuo, msiogope. Sheria ya Texas inavitaka vyuo vikuu vya umma vimpime aliyesomea nyumbani kwa vigezo vile vile vya mwombaji mwingine. Anzeni tu kutunza rekodi za masomo akifika miaka kumi na minne, si wiki ya kutuma maombi.

Jumatano jioni binti yangu humsomea bibi yake kwa simu. Kule Tanga inakuwa ni Alhamisi alfajiri, na bibi ameshatoka kuswali. Wiki iliyopita alisoma "ngombe", akaruka ile alama ya juu. Bibi akamkatiza: "Mjukuu wangu, soma tena, huyo si ngombe, ni ng'ombe." Kesho yake tuliacha hesabu tukashinda na ng': ng'ombe, ng'oa, ng'ara, ng'ambo. Hesabu tulizifanya Ijumaa.